Njia ya Pwani: Nchi na Uchumi wa Kitui na Makueni kwa Ushahidi wa Maneno

Wanaoandika historia ya kuenea kwa Kiswahili wamezoea kuianzia ufukweni. Husema kwamba pwani ilikuwa na bidhaa, pwani ilikuwa na lugha, nayo misafara ya Waarabu na Waswahili ikavichukua vyote viwili ikaviingiza bara, ambako watu walikuwa wakingojea kufikiwa. Picha hiyo ina upungufu hata katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kwa maana Wanyamwezi walikuwa wameshuka pwani kwa miguu yao kabla ya wafanyabiashara wa pwani kupanda kwao. Katika njia ya kaskazini, ile inayotoka Mombasa na Rabai kwenda Ukambani, upungufu huo umekuwa kosa hasa. Huko, kwa miaka mingi ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, pwani ndiyo iliyofikiwa na bara.

Makala haya yanakusudia kuitazama nchi ya Kitui na Makueni, na namna watu wake walivyojipatia riziki, kwa kuanzia upande huo wa pili. Ushahidi wetu utatoka kwa wanahistoria, lakini pia utatoka katika maneno ya Kikamba yenyewe. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuyasikiliza maneno hayo hata pale ambapo mwanahistoria ameyapita kwa haraka.

Kwanza tuieleze nchi. Kitui ni kubwa sana, yapata kilomita za mraba 30,000. Makueni, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, ni kama kilomita za mraba 8,000. Mto Athi hupita kati yao, na upande wa mashariki wa mto huo umenyooka mgongo wa Yatta, tambarare ndefu iliyofanywa na uji wa volkano, yenye urefu wa kilomita karibu 300. Mto Tana ndio mpaka wa Kitui upande wa kaskazini. Baina ya Athi na Tana iko mito kama Tiva na Thua, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia za mchanga tu, na mwenye kutaka maji lazima achimbe. Magharibi, katika Makueni ya leo, viko vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako mvua ni nzuri na udongo hulimika. Kadiri mtu ateremkavyo kuelekea mashariki na kusini ndivyo miti inavyozidi kuwa ya miiba, mpaka afike katika nyika ya Tsavo.

Mvua hunyesha mara mbili: ile ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba. Jambo linalomshangaza mgeni aliyezoea masika ya pwani ni kwamba Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya mwisho wa mwaka, ambayo watu wa pwani huiita vuli na kuihesabu kuwa ndogo. Mkulima wa Kitui huweka matumaini yake katika Novemba. Novemba ikipita kavu, hesabu ya mwaka mzima huwa imekwisha haribika.

Namna watu walivyoigawa nchi hii kwa matumizi inaonekana katika maneno yao. Shamba lenye mwenyewe ni ng'undu. Nyika ya malisho isiyo ya mtu mmoja ni weu. Kambi ya mifugo iliyo mbali na nyumbani, ambako vijana hukaa na ng'ombe na mbuzi kwa muda, ni kyengo. Mkusanyiko wa nyumba unaoshirikiana kwa kazi na kwa mashauri ni utui. Tukiyapanga maneno haya pamoja tunaona uchumi ambao haukutia tumaini lote mahali pamoja. Mtama na mawele vilipandwa nyumbani pamoja na kunde, mbaazi na pojo. Mifugo ilipelekwa mbali. Asali ilirinwa katika mizinga porini. Tembo na wanyama wengine waliwindwa kwa mishale ya sumu. Mahindi, ambayo leo ndiyo chakula cha kila nyumba, yalikuja kushika nafasi hiyo baadaye sana, na wako wataalamu wa kilimo wanaoamini kwamba nafasi hiyo hayakustahili kuipata katika nchi yenye mvua kama hii. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wanaokubaliana nao.

Simulizi za Wakamba husema kwamba wazee wao walitoka kusini, upande wa Kilimanjaro, wakapitia Chyulu na Nzaui, wakapata kituo katika vilima vya Mbooni. Vilima vilipojaa watu, baadhi yao walivuka Athi wakaingia Kitui. Kuvuka huko ndiko kulikogeuza mambo. Mtu wa Mbooni angeweza kuishi kwa jembe. Mtu wa Kitui aliweza kuishi kwa jembe katika miaka mingine tu. Miaka mingine alilazimika kutoka.

Hapa tunafika kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo ufunguo wa habari yote. Neno lenyewe ni kuthuua. Maana yake si kununua tu wala kusafiri tu, bali ni kutoka kwenda kwa watu wengine kutafuta chakula, ukiwa na kitu mkononi cha kutoa. Aliyekwenda kuthuua hakuwa mwombaji. Alichukua mbuzi, au chuma kilichofuliwa, au sumu ya mishale, au mkufu, au ngozi, akaenda upande wa Mlima Kenya au vilimani Mbooni, akarudi na nafaka. John Lamphear, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970 juu ya Wakamba na pwani ya kaskazini, alionyesha jinsi safari hizi za njaa zilivyokua pole pole zikawa biashara ya masafa marefu. Katika mwaka huo huo Isaria Kimambo naye aliandika juu ya historia ya uchumi wa Wakamba, akisisitiza kwamba mazingira ya nchi yenyewe ndiyo yaliyowafunza watu kubadilishana mali. Wanahistoria hawa wawili hawakubaliani katika kila jambo, lakini wote huianza habari ndani ya Ukambani. Hawaianzii bandarini.

Yafaa tuongeze ushahidi wa lugha. Katika Kikamba kuuza ni kuta, na kununua ni kuthooa; vyote ni vitenzi vya asili. Msomaji anaweza kutujibu kwamba kila lugha ya Kibantu ina vitenzi vya kuuza na kununua, na kwamba jambo hilo halithibitishi kitu. Jibu hilo ni la haki, nasi hatutaki kukipa kitenzi kimoja mzigo kisichoweza kuubeba. Lakini na tutazame pia neno muthiani, ambaye kwa wingi ni athiani. Huyu alikuwa kiongozi wa watu waliotoka nje ya utui kwa jambo zito: uwindaji, vita, au safari ya pembe. Jina lilikuwa moja kwa kazi zote tatu. Misafara ya biashara ilipoanza kushuka pwani, Wakamba hawakuhitaji kuazima cheo kutoka kwa mtu. Walikuwa na kiongozi tayari, na walijua jinsi ya kumfuata. Tena walikuwa na desturi ya undugu wa kuchanjiana, iliyompa msafiri mwenyeji wa kumlinda katika nchi ya watu wasio wake.

Pwani wakati huo ilikuwa ikitaka pembe kwa wingi. Kati ya Mombasa na Ukambani walikaa Wamijikenda, nao ndio waliokuwa wapatanishi wa biashara. Wakamba walianza kwa kufanya biashara nao, kisha wakawapita na kujileta wenyewe karibu na Mombasa. Njaa kubwa ya mwaka 1836 iliongeza mwendo huo, kwani familia nyingi za Wakamba zilihama na kukaa kabisa katika nchi ya Rabai na Duruma. Hivyo biashara ikapata kituo cha kudumu nyuma ya bandari, chenye watu waliojua Kikamba cha nyumbani na pia lugha za pwani. Misafara ya watu mia mbili, mia tatu, ilishuka na pembe na mifugo, ikapanda na merikani, kaniki, ushanga, chumvi na waya wa shaba.

Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufungua kituo cha misheni Rabai, alikuta hali hiyo imekwisha kuwa desturi. Hapa lipo jambo ambalo wanalugha hawajalizingatia vya kutosha. Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Kikamba kimo, kimewekwa safu moja na Kiswahili, Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kigalla. Katika mwaka huo huo ilichapishwa Injili ya Marko kwa Kikamba. Ilhali Krapf alikwenda Ukambani kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1849! Safari moja ya majuma machache haiwezi kumpa mtu lugha ya kutafsiria Injili. Kikamba alikwisha kukipata Rabai, kwa sababu Kikamba kilikuwa Rabai. Kilikuwa lugha ya bara iliyosemwa nyuma ya bandari, na mgeni wa Ulaya aliweza kujifunza hapo kama alivyojifunza Kiswahili.

Safari hiyo ya 1849 ilimfikisha Krapf Kitui kwa Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkubwa kupita wote wa zama zake katika njia hiyo. Kivui hakuwa mfalme. Wakamba hawakuwa na wafalme. Ukubwa wake ulitokana na misafara, mali, jamaa na watu waliomtegemea. Yeye ndiye aliyemweleza Krapf habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui.

Jina aliloliandika lilikuwa jina la Kikamba. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Kikamba, ambacho katika maneno mengi kimepoteza r na g za lugha jirani zinapokuwa katikati ya irabu, husema Kiinyaa. Sikio la Mjerumani likalipokea hivyo, likaandika Kenia, na jina hilo likaja kuwa la koloni, kisha la jamhuri. Ni kawaida kusimulia habari hii kama kituko cha matamshi. Sisi twaiona kuwa ni hati ya kiuchumi. Jina la nchi hii lilifika duniani kwa kinywa cha Kitui kwa sababu, katika mwaka 1849, Kitui ndiyo iliyokuwa na njia.

Njia hiyo haikuwa ya amani. Mwaka 1851 Krapf alirudi, akaandamana na Kivui kuelekea Tana; wakashambuliwa na wanyang'anyi, Kivui akauawa pamoja na watu wake wa karibu, na Krapf akaponea chupuchupu, akitembea usiku peke yake na kiu imemshika. Kifo cha mtu mmoja hakikuiua biashara, lakini katika miaka iliyofuata nguvu ya Wakamba katika njia ilipungua. Tembo walikuwa wakisogea mbali zaidi. Wafanyabiashara wa pwani, waliopata mtaji mkubwa na bunduki, walianza kupanda bara wenyewe. Hapo ndipo ile picha ya kawaida, ya Mswahili anayeingia bara na lugha yake, inapokuwa ya kweli kwa Ukambani. Lakini ni picha ya nusu ya pili ya karne, na imetumiwa isivyo haki kueleza karne nzima.

Wala tusiifanye habari kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Misafara hiyo ilihusika pia na biashara ya watu. Tena katika miaka ya njaa, pale mali ya kuthuua ilipokwisha, wanawake na watoto waliwekwa rehani kwa jirani kwa ajili ya chakula, na si wote waliokombolewa. Neno la kwenda na kitu mkononi linakuwa na uzito mwingine tukikumbuka kwamba mara nyingine kitu chenyewe kilikuwa binti.

Pigo kubwa lilikuja mwisho wa karne. Tauni ya ng'ombe ilikwisha kupita katika miaka ya 1890. Kisha ukame, ndui na njaa vikaungana mwaka 1898 na 1899. Wakamba waliiita yua hiyo, yaani njaa hiyo, Ngomanisye, iliyoenea kotekote. Maana ya jina ni kali kwa mtu aliyezoea kuthuua. Safari ya njaa hutegemea kuwapo kwa mahali pengine penye shibe. Safari hii hapakuwa na mahali pengine. Majirani wa vilimani nao walikuwa wakifa.

Katika miaka hiyo hiyo reli ilikuwa ikijengwa. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikifuata kwa jumla njia ya magharibi iliyokwisha kufunguliwa kwa barabara ya kampuni ya Mackinnon kupitia Kibwezi. Stesheni zake zilipangwa ndani ya Makueni ya leo: Mtito Andei, ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tai, Kibwezi, Makindu, na Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani wa Unguja wa wakati huo, Hamoud bin Mohammed. Mtu akishuka Sultan Hamud leo, katikati ya nyika, anasimama juu ya jina la pwani. Kitui haikupata stesheni hata moja. Nchi ya Kivui, iliyokuwa mlango wa bara, ikawa kando ya njia, si kwa sababu ya ukame wake, maana reli yenyewe ilipita katika nyika kavu vilevile, bali kwa sababu wahandisi walikuwa wakielekea Uganda na hawakuwa na haja nayo. Taarifa za serikali za miaka iliyofuata zilimweleza Mkamba wa Kitui kama mtu aliyejitenga na maendeleo. Aliyetengwa na aliyejitenga si mtu mmoja.

Pale uhuru wa kutembea ulipopungua, ng'ombe wakabaki kuwa akiba ya pekee. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu kwa hoja ya kuihifadhi ardhi, watu wa Machakos, pamoja na wa maeneo ambayo leo ni Makueni, waliandamana hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Unyang'anyi huo ulisimamishwa. Muindi mwenyewe alipelekwa kifungoni Lamu, na hivyo hata siasa ya Ukambani ikapata njia yake ya pwani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1948, ilianzishwa Hifadhi ya Tsavo, ambayo imechukua sehemu ya kusini ya Kitui. Nyika iliyokuwa barabara ya pembe ikafungwa, na mjukuu wa mwindaji aliyewahi kuongozwa na muthiani akaanza kuitwa jangili.

Turudi katika maneno, kwa maana kipindi hiki kina msamiati wake. Sasa mikopo kutoka Kiswahili ni mingi na yenye umbo lake. Pesa imekuwa mbesa, duka ni nduka, gari ni ngali. Kikamba hakina p, wala hakina d na g zisizotanguliwa na sauti ya pua, kwa hiyo sauti hizo zimevikwa nguo za nyumbani. Kinachovutia ni mpaka wenyewe. Safari, uongozi wake na ununuzi ni maneno ya Kikamba. Duka, fedha na gari ni ya kuazima. Yale ya kwanza ni ya mtu anayekwenda. Haya ya pili ni ya mtu aliyefikiwa.

Majina ya njaa nayo yanasimulia mwendo huo huo. Ngomanisye ni jina la hali yenyewe. Njaa ya mwanzoni mwa utawala wa Kiingereza inakumbukwa kwa jina la Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula kilicholetwa kwa reli. Ile ya mwaka 1961 ina majina mawili: Atta, kwa ajili ya unga wa ngano uliogawanywa, na Ndeke, kwa sababu mafuriko yalikata barabara baada ya ukame na chakula kikaangushwa kwa ndege. Magunia, atta, ndeke: majina yote matatu yanataja kitu kilichokuja kutoka nje, na yote yamepita katika Kiswahili. Aliyekuwa akienda kuthuua sasa anakaa akitazama juu.

Hata hivyo kutembea hakukukoma. Wakamba walihamia Kwale, katika Shimba Hills. Waliingia jeshini na bandarini. Mutisya Munge wa Wamunyu, baada ya kujifunza kuchonga vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alirudi na ufundi ambao baadaye uliwapa wachongaji wengi wa Kikamba kazi huko Changamwe, nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa. Na katika miaka ya 1950 yalitandazwa mabomba kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa. Maji ya Mzima ni mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatokea Tsavo. Mkazi wa Mombasa anakunywa mvua ya Chyulu, wakati wanawake wa Kibwezi, chini ya vilima hivyo hivyo, wamezoea kuamka alfajiri kutafuta maji.

Njaa ya mapema miaka ya 1980 ndiyo yenye jina ambalo wazee wa Kitui hulitaja kwa kicheko kisicho na furaha: Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika. Kilichoshikwa mkononi ni fedha. Mishahara ilikuja kutoka Mombasa na Nairobi, mwenye duka alikuwa pale pale, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hili halina hata neno moja la kuazima. Ni sentensi nzima ya Kikamba, inayosemwa na mtu ambaye mkono wake, kama wa babu yake aliyekwenda kuthuua, una kitu cha kutoa.

Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa. Ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kitui, safari hii pia, iko kando.